Kilo moja ya episea kutoka Edmonton

Swali: "Papa Agronome, jambo. Nina pepinyeri ndogo, kitalu cha miche, hapa Bagira, Bukavu: mikaratusi, grevilea na sipre. Kaka yangu anaishi Edmonton, Kanada. Ananiambia kwamba miti ya kule, misonobari na ile wanayoiita episea, inasimama kwenye baridi ya digrii 40 chini ya sifuri, na kwamba jenomu yake, yaani maandishi yake yote ya urithi, ni kubwa mara saba kuliko ya mtu. Anataka kunitumia kilo moja ya mbegu. Anauliza: mti ulioshinda baridi ile utashindwa na nini huko kwenu? Lakini binti yake anayesoma chuo kikuu anasema wataalamu wa kule wana hofu kwamba miti hiyohiyo haitaweza kulifuata joto linalopanda, ingawa ina utajiri mkubwa wa vinasaba. Sasa ni mti hodari au ni dhaifu? Na mimi ninayechuma mbegu zangu zote za mkaratusi kwenye mti mmoja mnene wa jirani, habari hizi zinanihusu?"

Jambo sana, mdogo wangu. Nianze na hiyo kilo. Mti mkuu wa pande za Edmonton ni episea nyeupe, na mbegu yake moja ina uzito wa miligramu mbili hivi. Kilo moja ni karibu nusu milioni ya mbegu. Kaka yako ana moyo mkubwa, lakini hajui anachokuahidi. Ungetafuta kilima kizima cha kupandia, na mwisho wake usingepata hata ubao wa kutengenezea kiti.

Kosa lake ni la watu wengi, nami nilikuwa nalo nilipokuwa mwanafunzi. Tunadhani nguvu ya mti ni kama ya mbeba mizigo wa Kadutu: aliyebeba gunia la kilo mia hatalemewa na la hamsini. Kuvumilia baridi kunafanana zaidi na kushika ratiba. Chukua tawi la episea mwezi wa kwanza, likiwa limejiandaa kwa miezi kadhaa. Maji yametoka ndani ya seli na kuganda nje yake, mahali ambapo hayapasui kitu, na ndani imebaki sukari nzito. Watafiti wamewahi kuchukua matawi ya miti ya kaskazini yakiwa katika hali hiyo, wakayapoza polepole, kisha wakayatumbukiza kwenye naitrojeni ya kimiminika, digrii 196 chini ya sifuri. Yakatoka hai. Sasa chukua tawi la mti uleule mwezi wa sita, chipukizi likiwa bichi na laini kama lenga-lenga. Ikipita jalidi ya usiku mmoja, digrii tano tu chini ya sifuri, asubuhi unalikuta limekuwa jeusi.

Kwa hiyo swali la "hodari au dhaifu" halina jibu mpaka uniambie umeukuta mwezi gani. Kazi ngumu ya mti wa kaskazini ni kujua siku ya kuacha kukua na siku ya kuanza tena. Ukiacha mapema, jirani anakuzidi kimo na kukunyima jua. Ukichelewa, jalidi inakukuta uchi.

Inajuaje siku hiyo? Sisi tungeangalia mvua. Kule mti unapima urefu wa usiku. Edmonton iko kwenye latitudo ya 53 na nusu hivi: mwezi wa sita mchana unafika saa 17, na mwezi wa kumi na mbili unabaki na saa saba na nusu. Majira ya joto yanapoelekea mwisho, usiku unarefuka, na ukifika kiwango fulani mti unafunga jicho lake la juu, yaani lile chipukizi la kileleni, hata kama siku hiyo jua linachoma. Kiwango hicho mti umekirithi, na kila latitudo ina chake. Episea ya kaskazini mwa Skandinavia inafunga jicho usiku ukiwa bado na saa chache tu. Ndugu yake wa milima ya Romania, spishi ileile, anasubiri usiku mrefu zaidi kwa mbali.

Lete sasa mche wa Edmonton hapa Bagira. Tuko digrii mbili na nusu kusini mwa ikweta, na usiku wetu una saa kumi na mbili mwaka mzima, tofauti ni dakika chache. Kwa mche ule, huo ni usiku wa kufunga duka. Utaota, utatoa majani ya kwanza, kisha utafunga jicho na kungoja baridi ije ilifungue, maana jicho likishalala linahitaji wiki nyingi za baridi ya kweli kabla halijakubali kuamka. Baridi hiyo haiji Bukavu, hata zile asubuhi za mwezi wa saba ambapo kila mtu anatembea na koti. Utabaki na bustani ya misonobari yenye kimo cha kalamu. (Misonobari unayoiona kwenye vilima vyetu, Pinus patula kwa mfano, ilitoka milima ya Mexico. Kiswahili kimeipa yote jina moja, ndiyo maana tunadhani ukiijua mmoja umeijua yote.)

Binti wa kaka yako amesema kweli. Ila maneno yake yana mambo mawili yanayoonekana kugombana, nayo yanastahili nafasi.

Jambo la kwanza, utajiri wa vinasaba. Misonobari na episea huchavushwa na upepo. Msimu ukifika, vumbi la njano, yaani chavua, linaruka kilomita nyingi, mara nyingine mamia, na koni moja (lile ganda la magamba linalobeba mbegu) inaweza kubeba watoto wa baba ambao hawakuwahi kuonana. Matokeo yake ni ya ajabu kidogo. Ukipima alama za kawaida za DNA kwenye misonobari ya kusini mwa Finland na ya Lapland, kaskazini kabisa mwa nchi hiyo, karibu tofauti yote unaikuta ndani ya kila msitu, na baina ya msitu na msitu zinabaki asilimia chache. Kwa kipimo hicho ungesema ni kijiji kimoja. Lakini panda mbegu za pande hizo mbili kwenye bustani moja, uzitunze sawasawa: miche ya Lapland itafunga jicho wiki kadhaa kabla ya ile ya kusini. Outi Savolainen wa Chuo Kikuu cha Oulu na wenzake wamefanya kazi miaka mingi juu ya kitendawili hicho. Tarehe ya kufunga jicho haiamriwi na jeni moja. Inaamriwa na jeni nyingi, kila moja ikisukuma kidogo tu, na kila kizazi jalidi inapita ikichuja waliokosea tarehe. Halafu chavua ya kusini inakuja tena na upepo, inachanganya, na jalidi inachuja upya. Msitu unabaki na watoto wa kila aina, wengi wakiwa wamelingana na mahali pao, wachache wakiwa wamepotea njia. Hao waliopotea ndio akiba siku hali ya hewa ikibadilika.

Kuhusu jenomu, kaka yako hakudanganya. Mwaka 2013 watafiti wa Sweden walichapisha jenomu ya episea ya Ulaya: herufi bilioni 20 hivi, nasi tuna bilioni tatu. Lakini asiivishe taji. Sehemu kubwa ni vipande vilivyojinakili tena na tena kwa mamilioni ya miaka bila kufutwa, kama nyumba ya bibi ambaye hatupi hata chupa tupu. Jeni zenyewe walizihesabu 28,000 na ushei. Unene wa daftari haukuambii kama daftari la mti huu na la mti wa pili yanasema maneno tofauti, na utajiri tunaouzungumza ni huo wa tofauti.

Wafaransa waliligusa jambo hili kabla ya mtu yeyote kusikia habari za jeni. Karne ya 18, Duhamel du Monceau, inspekta wa jeshi la majini aliyehitaji milingoti ya meli, alikusanya mbegu za msonobari kutoka Urusi, nchi za Baltiki, Scotland na kwingineko. Karne iliyofuata Vilmorin alifanya hivyo kwa utaratibu zaidi huko Les Barres. Spishi moja, ardhi moja, na bado misonobari ya Riga ilinyooka huku mingine ikijipinda. Mwaka 1974, jirani na kaka yako, jimbo la British Columbia lilianza jaribio ambalo hadi leo watu wanalitumia: msonobari wa aina ya lodgepole, mbegu kutoka mahali 140, zikapandwa kwenye viwanja 60, vya joto na vya baridi. Kwa kuwa viwanja vinatofautiana kwa joto, mtu anaweza kuuliza leo swali ambalo waliopanda hawakuwa nalo kichwani: mbegu ya mahali fulani itafanya nini ikiwekwa penye joto la kesho? Mbegu za sehemu zenye baridi kali zinakua vizuri zaidi zikipewa joto kidogo kuliko la kwao. Zikizidishiwa, zinaporomoka. Na zile za kusini, ambazo tayari ziko karibu na kilele chao, hazina nafasi ya kwenda juu zaidi. Joto likiongezeka zinaanza kupoteza moja kwa moja.

Hapo tunafika kwenye jambo la pili, ambalo ndilo hofu yenyewe. Msonobari wa Lapland unaweza kukaa miaka kumi na tano au zaidi kabla ya kutoa koni, na huko juu kabisa majira ya joto ya kutosha kukomaza mbegu hayaji kila mwaka. Kisha mti wenyewe unaishi miaka mia mbili, mia tatu. Hebu fikiria msitu uliojaa wazee wenye afya, waliochujwa na jalidi ya wakati wa babu zao. Chini yao wanaota watoto elfu, na kati ya hao wako wachache wenye ratiba inayofaa kwa hali mpya. Watoto hao wanakufa kwa kukosa jua. Akiba ipo benki lakini dirisha limefungwa. Ndiyo maana kuna jambo ambalo wasomaji wangu hawapendi kulisikia: vifo vya miti mikubwa, kwa moto au kwa upepo, vinaweza kuharakisha msitu kubadilika, kwa sababu vinafungua nafasi ya watoto. Sisemi tuchome msitu. Nasema uzee wa mti, ambao tunausifu, kwenye hesabu hii ni mzigo.

Misitu hiyo imewahi kuhama. Miaka 20,000 iliyopita Finland yote ilikuwa chini ya barafu, na Edmonton vilevile. Barafu ilipoyeyuka miti ilirudi, mbegu kwa mbegu, kizazi kwa kizazi. Ila ilikuwa na maelfu ya miaka. Joto la sasa linasogea juu ya tambarare za kaskazini kwa kasi ambayo mbegu inayoanguka mita mia kutoka kwa mama yake haiwezi kuifuata. Tena maadui wao hawana shida ya uzee. Mbawakawa wa magome ya misonobari, mdudu mdogo kama punje ya mchele, anazaa kila mwaka. Zamani baridi ya digrii 40 chini ya sifuri iliwaua mabuu wake. Baridi hizo zilipopungua, tangu miaka ya 1990 alishambulia misonobari ya British Columbia kwenye eneo la hekta milioni 18 hivi, na mwaka 2006 walivuka kwa wingi milima ya Rockies kuingia Alberta, jimbo la kaka yako. Muulize, ataijua miti myekundu iliyokufa imesimama.

Lakini kuna habari moja kutoka Norwe inayonifurahisha kila ninapoisimulia. Huko walichukua vikonyo vya episea bora za kaskazini, wakavipandikiza kusini kwenye joto, ili vitoe mbegu nyingi. Mbegu zilipatikana. Wakazirudisha kaskazini, na watoto wakaanza kuishi kama watu wa kusini: wanachelewa kufunga jicho, jalidi ya vuli inawakuta wakiwa bado wanakua. Kila mtu alishuku chavua ya jirani, yaani kwamba mama ni wa kaskazini lakini baba ni wa kusini. Wakachavusha kwa mkono na kwa ulinzi, mama yuleyule na baba yuleyule, kundi moja la mbegu likakomaa kwenye baridi na jingine kwenye joto. Tofauti ikabaki palepale. Kiinitete, kikiwa bado ndani ya koni, kinahisi joto la mwaka huo na kuweka kumbukumbu ambayo mti unaibeba kwa miaka mingi baadaye, bila herufi hata moja ya DNA kubadilika. Kwa hiyo mti wa kaskazini unaweza kumrekebisha mtoto wake kidogo kabla hajazaliwa. Sijaona sababu ya kusema hilo litaokoa msitu mzima, kwa kuwa kumbukumbu hiyo ina mipaka na haiui mbawakawa, lakini wale waliochora ramani za misitu kufa yote kufikia mwaka fulani hawakuiweka kwenye hesabu.

Na kuna msonobari mwekundu wa pande za Maziwa Makuu ya Amerika, unaotuharibia hadithi nzuri. Vinasaba vyake vinafanana mno, mti na mti, pengine kwa sababu wakati wa barafu walibaki wachache sana. Hata hivyo umeenea eneo kubwa na unakua vizuri. Ukikutana na mtu anayekuambia kwamba spishi maskini wa vinasaba lazima itoweke, mtajie huo.

Wakanada wenyewe hawakukaa kungoja. British Columbia ilianza mwaka 2018 kuruhusu mbegu ichaguliwe kwa kulinganisha hali ya hewa ya inakotoka na ya inakopelekwa, badala ya sheria ya zamani kwamba mbegu ya bonde hili ibaki bonde hili. Wanausogeza msitu kwa gari, kwa kuwa kwa miguu hautafika. Hatua zao ni fupi, kwa sababu mbegu ya kusini ukiipeleka mbali mno leo, jalidi ya leo itaiua kabla joto la kesho halijafika.

Tuje kwako na mkaratusi mnene wa jirani.

Ndiyo, habari hizi zinakuhusu, tena kuliko zinavyomhusu kaka yako. Mti wa peke yake uwanjani hauna wa kuchavushana naye, kwa hiyo sehemu kubwa ya mbegu zake umejizalisha wenyewe. Mkaratusi unakubali hilo, lakini watoto wanalipa: wengine wanadumaa, wengine wanapinda, wengine wanaonekana wazuri kwenye mifuko ya pepinyeri na kukuaibisha mwaka wa tatu. Najua aibu hiyo. Miaka yangu ya kwanza kazini nilipanda uzio mzima wa sipre kutoka kwenye mti mmoja niliouona mzuri barabarani, na nusu ya uzio ule niliishia kuugeuza kuni kabla haujafika kifuani.

Na unene wa mti si cheti. Labda umenenepa kwa sababu uko karibu na choo. Hilo halirithiwi.

Kumbuka pia mnyauko wa migomba, ulioonekana Masisi mwaka 2001 kisha ukashuka hadi kwetu. Mgomba unazaliwa kwa mche wa mama yake, nakala ya nakala, na ugonjwa ukiijua nakala moja umezijua zote. Sipre nayo ina hadithi yake. Jina lake la kisayansi, Cupressus lusitanica, linaitaja Ureno, lakini asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Ilipewa jina kutokana na miti iliyopandwa Ureno. Sisi tukaipokea bila kujua mama zake walikuwa wangapi wala walitoka mlima gani. Vidukari vya sipre vilipoingia Malawi mwaka 1986, havikuchukua miaka mingi kufika kwenye nchi za Maziwa Makuu, na uzio baada ya uzio ukakauka.

Fanya hivi. Kila spishi tafuta mama ishirini hadi thelathini, waliosimama ndani ya mashamba yenye wenzao wengi, na kati ya mama na mama iwe mita hamsini, ikiwezekana mia, ili usichume kwa ndugu wa tumbo moja. Chukua kiasi kilekile kwa kila mmoja. Mwanafunzi wangu mmoja alitembelea miti thelathini vizuri kabisa, kisha tisa ya kila mbegu kumi zikatoka kwenye mti wenye matawi ya chini. Angalia mwinuko pia. Kwetu mlima ndio unaofanya kazi ya latitudo: kila ukipanda mita elfu, joto linashuka digrii sita hivi. Mbegu ya Uvira chini kwenye bonde na mbegu ya huko juu karibu na Tshivanga hazikuchujwa na baridi moja, hata kama jina la mti ni moja, kwa hiyo usizichanganye kwenye mfuko mmoja.

Ukitamani sana mti ulio ndugu wa mbali wa misonobari ambao ni wa kwetu tangu zamani, uko: podo, unaokua kwenye misitu ya Kahuzi. Huo una tabia nyingine ya kukumbuka, kwamba kuna mti dume na mti jike, hivyo jike aliyebaki peke yake kwenye shamba hatakupa mbegu hata umbembeleze. Usiingie mbugani kuchuma. Tafuta iliyobaki nje, na ukiipata mbegu ipande mapema, haipendi kuwekwa kabatini.

Kaka yako mwambie asante. Fedha ambazo angelipa posta, pamoja na cheti cha afya ya mimea ambacho asingeweza kukikwepa, zingekutosha pikipiki ya siku tatu kuzunguka Kabare na Walungu ukihesabu mikaratusi yako thelathini. Beba mifuko ya karatasi, kwa sababu kwenye plastiki mbegu zinaota ukungu, na kalamu ya risasi isiyofutika kwa mvua. Kila mfuko uandike kilima, mwinuko na tarehe kabla hujashuka kwenye mti, maana ukifika nyumbani Bagira jioni mifuko yote inafanana.